Kupasuliwa Istanbul, kisha safari ya Butembo

Swali: Daktari, nakwenda Istanbul kuchukua bidhaa. Nataka nitolewe mafuta tumboni, yatiwe makalioni, nirudi siku ya nne kupitia Entebbe na Kasindi. Kuna hatari? (Mama mfanyabiashara, Butembo)

Jibu: Mama, siku nne ni chache mno. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri aliyefyonzwa mafuta angoje siku 5 hadi 7 kabla ya kupanda ndege. Ukikaa muda mrefu bila kusogea, damu huweza kuganda mguuni na donge likapanda mapafuni. Na baada ya ndege, una barabara yote hadi Beni na Butembo.

Makalio yananitia hofu zaidi. Mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa, huziba mapafu na huweza kuua ukiwa bado mezani. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo wa Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kazi hiyo. Hilo nakuomba uliache kabisa.

Ukishikilia la tumbo, dai ripoti ya upasuaji kwa Kifaransa, maana kidonda kikitunga usaha ukiwa nyumbani, daktari wa Butembo lazima ajue ulifanyiwa nini. Mguu mmoja ukivimba au pumzi zikikubana njiani, ingia hospitali saa hiyohiyo, hata kama umefika Kasese tu.