Motokaa Kuukuu na Mlio wa Giaboksi: Somo kwa Wenye Magari

Ziko motokaa nyingi katika mitaa na mashamba ya Nakuru ambazo umri wake umepita umri wa madereva wanaoziendesha. Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968 na baadaye ikawa ikiunganishwa humu Kenya, bado yaonekana ikipakia magunia na madebe ya maziwa. Land Rover za zamani nazo hazijaisha. Magari haya yalitengenezwa kwa chuma kizuri, na mtu akiyatunza humtumikia miaka mingi. Lakini hapana chuma kisicholika, na mara nyingi dalili ya kwanza ya kulika huko ni mlio mwembamba wa kuvuma, mfano wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, unaosikika chini ya miguu ya dereva.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mwenye gari husikia mlio, huambiwa kwamba giaboksi imekwisha, hununua nyingine iliyotumika, huifunga, kisha husikia mlio ule ule kama kwamba hapana kilichofanyika. Kumbe ubovu ulikuwa katika difu, au katika beringi ya gurudumu, au mafuta tu yalikuwa yamepungua. Somo hili lakusudia kuonyesha ya kwamba mlio wenyewe husema mahali ulipo, mradi uulizwe kwa utaratibu, na ya kwamba maswali hayo yaweza kuulizwa kabla ya nati hata moja kufunguliwa.

Tuseme mfano ni mtu wa Kiamunyi, mtaa ulio kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Kabarak na Eldama Ravine. Gari lake ni lenye gia nne za mkono, injini mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Yafaa kwanza aelewe kazi inayofanyika ndani ya lile sanduku.

MAMBO YALIYOMO NDANI YA GIABOKSI

Katika giaboksi ya namna hii ziko shafti tatu za kukumbukwa. Ya kwanza ni shafti ya mbele, ambayo hupokea nguvu kutoka kwa klachi. Ya pili ni shafti ya chini, ambayo huzungushwa na ile ya mbele kwa meno, nayo hubeba mzigo na kuurusha mafuta juu ya vyuma vingine. Ya tatu ni shafti kuu, ambayo hupeleka nguvu nyuma mpaka kwenye difu na magurudumu.

Dereva atumiapo gia ya kwanza, ya pili au ya tatu, nguvu hushuka kutoka shafti ya mbele hadi shafti ya chini, kisha hupanda tena kwenye shafti kuu. Lakini atiapo gia ya nne, shafti ya mbele na shafti kuu hufungwa pamoja zikawa kama kitu kimoja, na nguvu hupita moja kwa moja. Shafti ya chini huendelea kuzunguka, lakini haina mzigo. Msomaji na alishike neno hili vizuri, maana ndilo ufunguo wa uchunguzi wote.

Kadhalika ikumbukwe kwamba gia ya kurudi nyuma, katika motokaa nyingi za zamani, ina meno yaliyonyooka badala ya meno ya mshazari. Meno yaliyonyooka hulia kwa tabia yake. Basi gari likilia linaporudi nyuma tu, huo si ugonjwa.

JARIBIO LA KWANZA: GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, breki ya mkono ivutwe, injini iwashwe, na gia iachwe huru, hali ambayo madereva huiita frii. Mguu usiwe juu ya klachi. Wakati huu shafti ya mbele na shafti ya chini zinazunguka, bali shafti kuu imetulia.

Ikiwa mlio unasikika, klachi ikanyagwe mpaka chini na kushikiliwa kwa nukta chache. Mambo matatu yaweza kutokea:

1. Mlio ukififia na kukoma, umetoka katika beringi za shafti ya mbele au za shafti ya chini, kwa kuwa klachi imezisimamisha.

2. Ikiwa kulikuwa kimya, na mlio ukaanza pale klachi ilipokanyagwa, basi mkosaji ni beringi ya klachi yenyewe. Giaboksi haina kosa, ingawa yaweza kulazimu ishushwe ili beringi hiyo ibadilishwe.

3. Mlio usipobadilika hata kidogo, na utafutwe kwenye injini: pampu ya maji, au jenereta ya kuchaji betri. Fundi aweza kuuondoa mkanda wa feni kwa muda mfupi sana na kuiwasha injini. Mlio ukitoweka, jambo limekwisha kujulikana.

JARIBIO LA PILI: GIA MOJA BAADA YA NYINGINE

Jaribio hili lahitaji watu wawili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kusikiliza. Anayesikiliza awe na daftari na penseli, aandike palepale asikiapo, kwa kuwa sikio husahau upesi. Yafaa barabara iwe sawa, iwe na lami, na isiwe na magari mengi; asubuhi mapema siku ya Jumapili ni wakati mwema.

Gari liendeshwe kwa kila gia kwa zamu, na katika kila gia dereva akanyage mafuta kwa kiasi, kisha aachilie.

Mlio ukiwapo katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ukatoweka au kupungua sana katika gia ya nne, shafti ya chini au beringi zake zimelika. Sababu yake ni ile iliyoelezwa hapo juu: katika gia ya nne shafti hiyo haibebi mzigo.

Mlio ukiwa katika gia moja tu, yaelekea meno ya gia hiyo peke yake ndiyo yaliyoharibika.

Mlio ukiwa katika gia zote, pamoja na ya nne, mafuta na yapimwe kwanza. Mafuta yakiwa yametimia, zishukiwe beringi ya shafti ya mbele na beringi ya nyuma ya shafti kuu, au kitu kilicho nyuma ya giaboksi. Ndiyo maana jaribio la tatu lahitajika.

Yako magari ambayo kanuni hii haiyapati. Land Rover ya zamani ina sanduku la pili nyuma ya giaboksi, na nguvu hupita katika meno ya sanduku hilo kwa kila gia, hata ya nne. Kwa hiyo kuvuma kidogo ni desturi yake. Tena motokaa zinazovutwa na magurudumu ya mbele kwa kawaida hazina gia inayopitisha nguvu moja kwa moja.

JARIBIO LA TATU: GARI LIKITELEZA LENYEWE

Mahali palipo sawa kabisa, na pasipo gari jingine karibu, mwendo uongezwe mpaka kilomita 60 kwa saa. Kisha dereva aachilie mafuta, akanyage klachi, aitoe gia, na kuiachilia klachi. Injini isizimwe. Mlio ukiendelea, na ukipungua sawasawa na mwendo wa gari, basi umetoka katika kitu kinachozungushwa na magurudumu: difu, beringi za magurudumu, au ile beringi ya nyuma ya shafti kuu.

Difu iliyolika hujitambulisha hivi: mlio wake hubadilika dereva akanyagapo mafuta na aachiliapo. Beringi ya gurudumu haijali mafuta, lakini aghalabu hubadili sauti gari linapopinda kushoto au kulia, kwa sababu uzito huhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko kamwe. Barabara iteremkayo kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Salgaa imekwisha kuonyesha mara nyingi hatari ya gari zito kuachwa huru bila gia. Breki hubeba mzigo wote, hupata moto, hulegea, na dereva hana tena namna ya kulizuia gari.

KUPIMA MAFUTA

Kabla ya kuhukumu chuma chochote, mafuta na yatazamwe. Gari liwe mahali pa sawa, na likiinuliwa kwa jeki liwekewe vigingi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Ubavuni mwa giaboksi kuna nati ya kujazia, na chini yake nati ya kumwagia. Ya kujazia ifunguliwe kwanza. Wako waliomwaga mafuta yote, kisha wakaikuta nati ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari likabaki halina mafuta wala njia ya kuyatia.

Katika giaboksi nyingi mafuta yapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Yakiwa chini, itafutwe sababu yake. Huku Nakuru, mji ambao jina lake husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, kuna jambo la kuangaliwa hasa: tundu dogo la kupumulia juu ya giaboksi huziba kwa vumbi na matope. Hewa ya ndani ipatapo moto hukosa pa kutokea, ikayasukuma mafuta nje kupitia kwenye sili. Sili mpya haitasaidia kitu ikiwa tundu hilo bado limeziba.

Mafuta yakimwagwa yakiwa na moto kidogo, yasuguliwe kati ya vidole. Uji mwembamba wa rangi ya kijivu ni mliko wa kawaida wa miaka mingi. Vipande vinavyokwaruza, au vigamba vya chuma, ni habari ya beringi au meno yanayovunjika, na gari kama hilo lisipelekwe safari.

Mafuta ya kutia ni yale yanayotajwa na kitabu cha gari, wala si mazito kuliko yote dukani. Giaboksi ya Peugeot 504 ya gia nne ilitengenezewa mafuta ya injini, nayo huchukua lita moja na kidogo tu. Land Rover za zamani zilitakiwa mafuta mazito ya gia ya namba 90. Tena baadhi ya mafuta makali ya gia, yaliyokusudiwa difu, huila shaba ya zile pete zinazolainisha uingizaji wa gia.

HILA YA KUJIHADHARI NAYO

Anayenunua gari kuukuu na ajue ya kwamba wako wauzaji wasio waaminifu wanaotia unga wa mbao, au mafuta mazito kupita kiasi, katika giaboksi au difu ili zinyamaze kwa siku chache. Ukimya huo hununuliwa kwa bei ghali, maana mafuta hushindwa kupenya kwenye beringi. Mnunuzi mwenye busara huomba nati ya kujazia ifunguliwe mbele ya macho yake, naye hutia kidole.

BAADA YA KUJUA

Beringi iliyoanza kulia si lazima ivunjike kesho. Lakini ikiachwa, shafti hupoteza mahali pake, meno hukutana vibaya, na gia nzima zilizokuwa nzuri huharibika pia. Mwisho wake gia huruka yenyewe dereva aachiliapo mafuta, na mahali pabaya pa kuruka gia ni mteremkoni, ambapo injini ndiyo iliyokuwa ikisaidia breki. Dalili ya mvua ni mawingu.

Basi mwenye gari wa Kiamunyi na aende kwa fundi akiwa na karatasi yake: mlio huanza lini, hukoma lini, katika gia gani, na mafuta yalikuwaje. Fundi wa kweli, awe wa gereji kubwa au wa jua kali, hatachukizwa na karatasi hiyo. Itampunguzia kazi, nayo itamlinda mwenye gari asinunue asichohitaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mlio wa shafti ya chini hupungua katika gia ya nne?

2. Gari limesimama kimya. Klachi inakanyagwa, na mlio unaanza. Ni kitu gani kilicholika?

3. Ni nati ipi ifunguliwayo kwanza wakati wa kubadili mafuta, na kwa sababu gani?

4. Gari lililovunjika injini lavutwa kwa kamba mwendo mrefu, gia ikiwa frii na magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Shafti ya chini imesimama. Je, ni nani anayeyarusha mafuta kwenye beringi za shafti kuu?