MNUNUZI ASIPOONEKANA

Swali: Mtu ameuza nyumba na kupokea arbuni, yaani sehemu ya bei itangulizwayo. Kabla ya kumaliziwa bei na kukabidhi nyumba, mnunuzi haonekani. Je, muuzaji aweza kumwuzia mwingine na kuifanya arbuni kuwa mali yake?

Jawabu: Yafaa kwanza kuijua sababu, kwani hukumu huifuata sababu.

Ikiwa mnunuzi amefariki baada ya pande mbili kukubaliana, mauzo hayafi pamoja naye. Bei iliyosalia ni deni. Na Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yaagiza madeni yatangulie kabla ya kugawa urithi. Muuzaji na awaendee warithi au msimamizi wa mirathi. Wakala wa marehemu hatoshi tena, maana uwakala hukoma kwa kifo cha aliyeutoa.

Ikiwa yu hai lakini amesafiri au anaugua, apelekewe barua mbele ya mashahidi, itajayo siku ya mwisho. Akiwa na dhiki, Sura Al-Baqara yafundisha kumpa mdaiwa nafasi. Na ikiwa amebadili nia, kumfungua katika mapatano kwa radhi ni wema uliosifiwa na Mtume s.a.w.

Ama arbuni, wanavyuoni wamehitilafiana. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, Malik na Shafii waliikataza isiyorudishwa, wakiiona kuwa ni kula mali ya mtu pasipo badali. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Hoja yake ni nyumba ya Makka ambayo Nafi bin Abdul-Harith aliinunua kwa Safwan bin Umayya ili iwe gereza. Sayidna Umar r.a., aliyenunuliwa, hakuwapo. Basi wakashartiana: akiridhia, mauzo yamepita. Asiporidhia, Safwan apate 400.

Tazama, msomaji mpenzi: haki ya Safwan ilitokana na sharti lililotajwa mwanzoni, si na kughibu kwa mnunuzi. Basi pasipokuwa na sharti, lililo karibu na uadilifu ni hili: siku ya mwisho ikiisha kupita, muuzaji aombe idhini ya mahakama, akiisha kuuza, akate hasara yake ya kweli tu, na kinachobaki akihifadhi kama amana ya mwenyewe.

Lakini kinga ni bora kuliko mashtaka. Aya ya deni (2:283, Bismillahi ikihesabiwa) yaamuru deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Vilevile Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yataka mapatano ya kuuza yawe kwa maandishi ndipo yapate nguvu mahakamani. Basi yaandikwe mambo manne: bei na siku ya kuimaliza, hali ya arbuni mauzo yakivunjika, nani ataarifiwe mnunuzi asipopatikana, na majina ya mashahidi.

Aliyeghibu hawezi kujitetea. Kwa hiyo haki yake yataka kuchungwa zaidi, si kupunguzwa.