Antaktika Ikitetemeka, Fuatilia kwa Simu Yako

Ukisikia kwamba ardhi imetetemeka Antaktika, bara la barafu lililoko Ncha ya Kusini, unaweza kuhakikisha mwenyewe. Simu yenye intaneti inatosha. Huduma ni bure. Utakachotumia ni bando lako tu.

Fungua earthquake.usgs.gov, tovuti ya serikali ya Marekani inayoorodhesha matetemeko ya dunia nzima. Kwenye mipangilio chagua siku 30 na ukubwa wa kuanzia 4.5. Kisha pitia orodha badala ya ramani, kwa kuwa ramani za simu huzivuta sehemu za ncha na kuzikata ncha zenyewe. Tafuta majina kama Antarctica au South Shetland Islands, kisha gusa.

Utaona ukubwa, kina na saa. Kina ni umbali kutoka juu ya ardhi hadi pale mwamba ulipokatika. Kuhusu ukubwa, usidhani 6 imeipita 5 kidogo tu: nguvu inayotoka ni mara 32 hivi. Saa ikiandikwa UTC, ongeza 3 upate ya Afrika Mashariki. Hivyo 14:00 ni saa kumi na moja jioni kwetu.

Je, orodha hiyo ina kila tetemeko? Hapana, na huko ndiko pengo lilipo kubwa. Kuanzia Agosti 2020, katika mlango wa bahari wa Bransfield, karibu na volkano ya chini ya maji iitwayo Orca, watafiti walihesabu matetemeko zaidi ya 85,000 kwa miezi sita hivi. Makubwa mawili yalikaribia ukubwa wa 6, na ardhi ya kisiwa jirani cha King George ikasogea sentimita 11. Chanzo kinachotajwa ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa ikipenya kwenye nyufa. Mengi yalikuwa madogo mno kuingia kwenye orodha, kwa sababu vipima mtetemo vya Antaktika ni vichache. Kimojawapo kiko kilomita 8 hivi kutoka Ncha ya Kusini, kimeshushwa ndani kabisa ya barafu ili kisisumbuliwe na mashine wala nyayo za watu.

Na sisi wa pwani, tuogope tsunami? Kwa ukubwa wa 6 kule mbali, hapana. Ukiona 7.5 au zaidi chini ya bahari, usitegemee ujumbe unaosambazwa WhatsApp. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na wakisema ondokeni ufukweni, panda mwinuko mara moja.