Kifundo cha Mguu

Kabimba iko kandokando ya ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kalemie. Watu wengi wanaijua kwa kiwanda chake cha saruji.

Siku moja mwanafunzi wa huko alikuwa akicheza mpira. Akakanyaga jiwe, wayo wake ukapindukia ndani, akaanguka. Kifundo kikavimba kama embe. Nyanya yake alitaka kumkanda kwa maji ya moto, lakini baba akampeleka kwa mwuguzi.

Mwuguzi akabonyeza mifupa ya kifundo na ya wayo. Kisha akamwuliza: «Waweza kwenda hatua nne?» Mtoto akaenda, akichechemea.

«Vema,» akasema mwuguzi. «Sioni dalili ya mfupa kuvunjika. Kano zimevutika.»

Kano hizo ni kama kamba ngumu. Kazi yake ni kufunga mfupa na mfupa. Kanuni ya hatua nne ilitolewa na waganga wa Ottawa, katika nchi ya Kanada, mwaka 1992. Asiyeweza kwenda hatua hizo, au anayeumwa mfupa wenyewe ukibonyezwa, apigwe picha ya mifupa.

Mtoto akasema: «Baba, unifunge plasta kama wachezaji wakubwa, nicheze Jumapili.»

«Sivyo, mwanangu. Plasta inashika, haiponyi. Ukicheza sasa, kano zitaumia tena, na kifundo kitakuwa kilegevu.»

Akampa amri hizi: aweke kitambaa cha maji baridi, alale na mguu juu ya mto, asikandwe wala asitiwe moto siku za kwanza. Uvimbe ukipungua, ajizoeze kila siku kusimama kwa mguu mmoja.

Jumapili wenzake walicheza. Yeye alikaa kando ya uwanja, akatazama tu.

Majuma yakapita. Mtoto akaweza kukimbia na kuruka bila maumivu. Ndipo mwuguzi akatwaa plasta. Akaosha mguu, akaukausha, akauweka wayo wima, usilegee. Akazungusha ukanda mmoja juu ya kifundo. Kisha akaanza upande wa ndani, akapitisha ukanda wa pili chini ya kisigino, akauvuta juu upande wa nje, ili wayo usipinde tena. Akaongeza kanda nyingine, zote bila mikunjo. Mwisho akatazama vidole.

«Vidole vikiwa baridi, au vikifa ganzi, fungua mara moja,» akasema. «Tena ujue: plasta hulegea wakati wa mchezo. Usiache mazoezi yako.»

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI
1. Kazi ya kano ni nini?
2. Kwa nini mwuguzi alimwambia mtoto aende hatua nne?
3. Kwa nini hakumfunga plasta siku ya kwanza?
4. Ni dalili gani zaonyesha kwamba plasta imebana mno?
5. Eleza maana ya methali iliyo mwisho wa somo.