Kuku Mbichi na Baridi ya Mbulu

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, baridi ya usiku yaweza kumfanya mtu adhani kwamba kuku aliyechinjwa jioni atakaa salama hadi asubuhi. Lakini bakteria huongezeka kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi, na jiko la kuni lina joto lake. Penye joto la kuwafaa, bakteria hugawanyika kila dakika 20: kwa saa 4, 100 huzidi 400,000. Kuchemsha nyama barabara huua salmonela. Bali sumu iliyokwisha kutolewa na stafilokoki, watokao puani na mikononi mwetu, hustahimili hata mchemko wa nusu saa. Pasipo na jokofu, kuku na achinjwe karibu na wakati wa kupikwa.