Meza ya Kukunja ya Fundi

Fundi wa mbao anahitaji meza yenye nguvu. Ubao usipotulia, randa inaruka, msumeno unapotoka, na mkono unaweza kukatwa. Lakini meza ya karakana ni nzito, watu wanne wanaibeba kwa shida. Basi fundi akiitwa kutengeneza mlango katika kijiji cha mbali, atafanya namna gani? Wengi wanakata mbao chini, juu ya jiwe au juu ya kiti cha mwenye nyumba.

Ndivyo alivyofanya Ron Hickman. Mtu huyu alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1932, kisha akaenda Uingereza, akawa mchoraji wa motokari katika kiwanda cha Lotus. Mwaka 1961 alikuwa akitengeneza kabati. Meza ya kazi hakuwa nayo, akaweka ubao wake juu ya kiti kizuri, akaanza kukata. Msumeno ukapita katika ubao, ukapita na katika kiti! Mwingine angekasirika, akanunua kiti kingine, yakaisha. Hickman alianza kufikiri: je, haiwezekani kupata meza nyepesi, inayokunjwa, inayoshika ubao yenyewe? Akaitengeneza. Akaionyesha kwa wenye viwanda, nao wakaikataa, wakisema watu hawatainunua. Mwaka 1968 akaanza kuiuza yeye mwenyewe. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Black & Decker, ambacho nacho kiliikataa kwanza, kilianza kuitengeneza kwa wingi kwa jina la Workmate, na mamilioni yake yameuzwa. Hickman alikufa mwaka 2011. Siku hizi viwanda vingi vinatengeneza meza za namna hiyo.

Sasa tuitazame meza yenyewe. Juu ina mbao mbili ndefu, na kati yake kuna nafasi. Ubao mmoja hauendi. Wa pili unasukumwa na parafujo mbili, kila moja na mkono wake wa kuzungushia. Ukizizungusha, mbao zinakaribiana na kukibana kitu kilicho katikati, kama vile jiliwa inavyobana chuma. Tena kila parafujo inazunguka peke yake. Kwa hiyo nafasi inaweza kuwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na meza inashika hata mguu wa kiti ulio mnene juu na mwembamba chini. Hilo ni jambo la akili sana.

Miguu ni ya chuma, yenye bawaba. Miguu ya chini ikifunguliwa, meza ina urefu wa karibu sentimeta 80, na fundi anapiga randa bila kuinama. Ikikunjwa, meza inabaki karibu sentimeta 60. Hapo fundi anaweka goti juu ya ubao na kukata kwa msumeno. Na hapo pia anaweza kupanda juu yake, ikawa jukwaa.

Faida yake ni nini? Ukuta wa darasa una meta 2 na sentimeta 60. Mkono wa fundi aliyesimama chini unafika meta 2 na sentimeta 10. Zinabaki sentimeta 50 zisizopakwa chokaa. Akisimama juu ya sentimeta 60, anafika mpaka juu kabisa, na hahitaji pipa, wala kiti, wala matofali yaliyopangwa ovyo. Kwa vitu hivyo mafundi wengi wamevunjika mikono na viuno. Kuanguka kutoka pafupi juu ya saruji si kuanguka kudogo.

Lakini si kila meza ya kukunja imetengenezwa kwa kupandwa. Nyingine ina kibandiko chenye picha ya mtu aliyepigwa msalaba mwekundu: maana yake, usipande. Nyingine inaonyesha kilo inazoweza kuchukua. Katika kilo hizo hesabu mtu, na ndoo ya chokaa, na ubao. Fundi anayejua kusoma asisome kibandiko, amepata faida gani shuleni?

Kabla ya kupanda, weka meza pahali palipo sawa. Funga kila mguu mpaka usikie chuma kikilia «ta!», kisha itikise kwa mkono. Zungusha parafujo mpaka mbao mbili zigusane, mguu usije ukaingia katika nafasi. Pangusa unga wa mbao na chokaa iliyomwagika, maana vinateleza. Simama katikati. Tumbo lako likipita ukingo wa meza, uzito wako nao unapita miguu ya meza, nayo itapinduka. Basi shuka, isogeze, upande tena. Kushuka kunachosha, ni kweli, na hasa hapo watu wanaanguka: wanataka kumaliza kipande kidogo bila kushuka.

Kwa ukuta mrefu mafundi wanaweka meza mbili, na juu yake ubao mmoja mpana, wenye unene wa sentimeta 5. Kutoka meza hata meza isizidi meta 2, la sivyo ubao utapinda katikati.

Siku moja kijana anayejifunza ufundi alikuwa akipaka chokaa juu ya jukwaa la namna hiyo. Ubao wake ulipita meza ya mwisho kwa sentimeta 70. Kijana akasogea, akasogea, akaukaribia mwisho wa ubao.

«Shuka, mwanangu,» fundi akasema.

«Baba, panabaki padogo tu.»

«Shuka kwanza.»

Kijana akashuka, uso umekunjamana. Fundi hakumgombeza. Alichukua ndoo mbili zilizojaa mchanga, akaziweka polepole juu ya ncha ile iliyopita meza. Upande wa pili ubao ukainuka kama mchezo wa watoto wa kupanda na kushuka. Ndoo zikaanguka chini kwa kishindo, mchanga ukatapakaa.

Kijana akanyamaza. Kisha akauliza: «Ubao upite meza kwa kiasi gani, baba?»

«Sentimeta 15 zisipungue, maana ukisogea kidogo utaanguka kutoka mezani. Sentimeta 30 zisizidi, maana utapinduka kama ulivyoona. Na chini yake pigilia vipande viwili vya mti, kimoja ndani ya kila meza, ubao usiteleze.»

Kijana akatafuta msumeno. Akaukata ubao, akavipata vipande vyake katika kile kilichobaki, akapiga misumari. Saa ya adhuhuri ukuta wote ulikuwa mweupe.

MAULIZO. Kwa nini mbao mbili za juu zigusane kabla ya kupanda? Ubao una meta 3, na meza mbili zimeachana meta 2 na sentimeta 50, ukihesabu kutoka ukingo wa nje hata ukingo wa nje. Ubao unapita kila meza kwa sentimeta ngapi? Je, unafaa?