Kuutafuta Mshipa wa Mtoto kwa Mwanga

Kabla hujamchoma kichanga kwa mara ya pili, punguza taa za chumba na uchukue tochi. Nasema hivi kwa wauguzi na matabibu wa wodi za watoto, ambao wanajua jinsi mikono ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, inavyojaa alama za sindano huku mshipa bado haujapatikana na mama amesimama pembeni akilia. Njia ya kupunguza mateso hayo ipo, na haihitaji fedha nyingi.

Mwanga mweupe hubeba rangi zote. Bluu na kijani humezwa mapema ndani ya ngozi, lakini nyekundu hupenya mbali zaidi, ndiyo maana ukiziba tochi kwa vidole gizani vidole huwaka wekundu. Damu ya kwenye vena humeza mwanga huo kuliko nyama na mafuta yanayoizunguka, kwa hiyo mshipa hujitokeza kama mstari mweusi katikati ya wekundu. Mkono wa kichanga ni mwembamba kiasi kwamba mwanga unauvuka hadi upande wa pili. Mkono wa mtu mzima ni mnene mno kwa mbinu hii.

Chagua tochi ndogo ya LED, na ikipatikana yenye mwanga mwekundu ndiyo bora. Tochi za balbu za zamani ziache kabisa, kwa sababu ngozi ya njiti huungua upesi. Wapo vichanga walioungua hata kwa vyanzo vya mwanga vilivyoitwa baridi. Iwashe kwanza, uishike ikigusa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako kwa dakika nzima. Ukihisi joto, isimguse mtoto. Hata ile isiyokupa joto, iondoe mara kwa mara, usiiache imeganda mahali pamoja. Simu nayo ina mwanga mkali, lakini hupata joto na hubeba vijidudu vya kila mahali ilikopita. Sipendi kuiona ndani ya chumba cha njiti. Tochi yenyewe ifutwe kwa dawa na kuvikwa kidole cha glavu safi inayopitisha mwanga, na glavu hiyo ibadilishwe kwa kila mtoto.

Mtoto awe na joto kabla hujaanza, kwa sababu baridi huibana mishipa, na hapo tochi haina cha kukuonyesha. Mfunike macho. Kama yuko chini ya taa za bluu za kutibu umanjano, zizime kwa muda huo. Chumba kiwe na giza kiasi tu. Lazima uendelee kuiona rangi ya mtoto, pumzi yake, na damu inaporudi kwenye kanula. Mwenzako ashike mkono wa mtoto na tochi, wewe ubaki na mikono miwili ya kazi.

Mwanga uingie kwenye kiganja na kutokea mgongoni mwa mkono. Kwa mguu, uingie kwenye wayo. Viganja na nyayo zina rangi kidogo ya ngozi hata kwa watoto weusi, kwa hiyo mwanga mwingi huingia pale kuliko mahali pengine. Gusa kwa wepesi. Ukikandamiza tochi, unaifukuza damu na mstari unafutika, na wengi hudhani mtoto hana mshipa kumbe wameubana wenyewe.

Ukishaona mistari, usikimbilie ule mweusi zaidi. Tafuta uliokwenda moja kwa moja, au pale miwili inapokutana, kwa sababu penye makutano mshipa haukimbii kirahisi. Ubonyeze kwa kidole kisha uachie. Ukififia na kurudi, damu inatembea. Ukibaki mweusi vilevile, huenda damu imeganda au imevujia chini ya ngozi. Ukidunda, hiyo ni ateri, iache.

Safisha ngozi kwa dawa inayoruhusiwa kwa njiti wodini kwenu, uiache ikauke. Kwa kichanga tumia kanula ya njano, namba 24. Ingia kwa kulala, nyuzi 10 hadi 15 hivi, ukianzia nyuma kidogo ya mahali unapopalenga. Hapa ndipo wengi hupotea. Mwanga unakuonyesha njia ya mshipa, haukuonyeshi kina chake. Mtu hukaza macho kwenye kivuli, akasukuma, akautoboa mshipa pande zote mbili. Nenda polepole na usimame kila baada ya hatua ndogo, maana kwa mtoto mdogo damu huchelewa kurudi. Ikirudi, ilaze sindano zaidi, isogeze kidogo sana, kisha utelezeshe plastiki peke yake. Kama ulikuwa umeufunga mkono, ufungue, pitisha maji ya chumvi kidogo na uangalie kama panavimba. Halafu washa taa zote ndipo ubandike plasta.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima vipo vifaa kama AccuVein na VeinViewer. Vinatumia mwanga wa infraredi ulio karibu na mwekundu, ambao jicho halioni, kisha vinachora ramani ya mishipa juu ya ngozi. Rangi nyeusi ya ngozi humeza mwanga huo kidogo kuliko unaoonekana, hivyo hufanya kazi vizuri kwetu. Kishike kifaa wima juu ya mshipa, kwa sababu kikiinama picha husogea kando ya mshipa wenyewe. Unene wa mstari unaouona usiwe kipimo cha ukubwa wa kanula. Wala usikielekeze kifaa machoni mwa mgonjwa.

Tafiti nyingi zilizofanywa kwa watoto hazikuonyesha kwamba vifaa hivi humwongezea kila mtoto nafasi ya mshipa wake kupatikana kwa mchomo wa kwanza. Faida, pale inapoonekana, ni zaidi kwa wale wenye mishipa migumu kupatikana. Kwa maoni yangu, hospitali inayohudumia wagonjwa wengi wa selimundu au saratani, ambao mishipa yao imechomwa miaka nenda rudi, ina sababu ya kuwaza kununua. Kituo kidogo kianze na tochi. Na mshipa uliozama chini ya mafuta mengi hautaonekana kwa infraredi, huo unahitaji altrasaundi.

Kidole kisiachwe. Mshipa mzuri hubonyea na kurudi juu, na hilo hakuna mwanga unaolipima. Ukishindwa mara mbili, mwite mwenzako mwenye mkono mzuri zaidi. Na mtoto aliye katika mshtuko, mikono baridi na mapigo hafifu, usimpotezee dakika kwa tochi. Kama mshipa haupatikani haraka, njia ya ndani ya mfupa ndiyo yake.

Nawaomba wauguzi wakuu wa wodi: tochi nyekundu ikae kwenye trei moja na kanula, na anayepokea zamu aiwashe kuhakikisha betri ni nzima kama anavyokagua mtungi wa oksijeni.